Soma kwa Jozi: Namna ya Kuchagua Riwaya na Vitabu vya Maarifa

Hotuba kwa wasomaji, walimu na wazazi, Dar es Salaam

Wazee wetu, shikamooni. Walimu, wazazi na vijana wa vikundi vya usomaji, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi. Waliotoka Mbagala na Gongo la Mboto tunawashukuru zaidi, maana foleni ya huko tunaijua.

Tumeombwa tuzungumze juu ya kuchagua vitabu, na tutaanza na kasoro inayoonekana kila siku mtu anaposimama mbele ya rafu. Jiji hili lina wasomaji, tena wengi kuliko inavyodaiwa. Shida ni kwamba wengi wao wamezoea njia moja. Kuna anayesoma vitabu vya hamasa na biashara tu, kimoja baada ya kingine, na vyote vinamwambia jambo lile lile. Kuna anayesoma riwaya za mapenzi na upelelezi tu, na ukimpa kitabu cha historia anakiona kama adhabu ya darasani. Kuna mzazi anayenunua vitabu vya kiada kila Januari, lakini cha ziada hajanunua hata kimoja tangu mtoto aanze shule. Wote hawa wanasoma, na wote wanajipunja.

Ushauri wetu ni mmoja, na mengine yote tutakayosema leo ni namna ya kuutekeleza: chagua vitabu kwa jozi. Kimoja kiwe cha kubuni, yaani riwaya, tamthilia, hadithi fupi au mashairi. Cha pili kiwe cha maarifa. Na vyote viwili vihusu jambo moja. Riwaya inakuonyesha tukio lilivyomwingia mtu mmoja moyoni na nyumbani kwake. Kitabu cha maarifa kinakuonyesha lilitokea lini, kwa watu wangapi na kwa sababu gani. Mwenye kimoja tu ana nusu ya habari, na mara nyingi hajui kuwa ni nusu.

Tuchukue Vita vya Maji Maji, vita vya wananchi dhidi ya utawala wa Wajerumani. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ilichapishwa mwaka 1969, na wengi humu ndani waliisoma kwa ajili ya mtihani. Isomeni tena, safari hii bila mtihani. Kisha tafuteni kitabu cha historia ya vita hivyo. Mtakuta kwamba vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, kwenye mashamba ya pamba ambako watu walilazimishwa kulima kwa ujira usiofaa kitu. Mtakuta kwamba Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, wiki chache tu baada ya vita kuanza. Mapigano yaliendelea hadi 1907 bila yeye, na waliouawa na njaa, baada ya Wajerumani kuchoma mazao na maghala, walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi.

Hapo ndipo jozi inapoanza kufanya kazi. Jukwaani, Kinjeketile anaishi mpaka anawaona watu wake wakishindwa, na mwishoni anatakiwa akane maji mbele ya watesi wake, naye anakataa. Historia inasema alikwishanyongwa. Kwa nini basi mwandishi alimwacha hai? Hussein mwenyewe anatuonya kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa kubuni, si yule wa historia. Alimhitaji awe hai ili tumwone kiongozi anayetazama neno lake likimponyoka na kuwa mali ya watu. Swali hilo halimjii aliyesoma tamthilia peke yake, wala aliyesoma historia peke yake. Linamjia mwenye vyote viwili mezani. Na bahati yetu ni kwamba historia hii ilikusanywa na watu wa hapa hapa: miaka ya 1960 watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee waliokuwapo, na sehemu ya masimulizi hayo ilichapishwa mwaka 1968 na Gilbert Gwassa pamoja na John Iliffe. Humo utasikia sauti za waliolima pamba hiyo.

Jozi ya pili tunayoipenda sana ni ya misafara ya bara. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliandika riwaya yake Paradise mwaka 1994. Tangu 2022 tunayo kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Mhusika mkuu ni Yusuf, mtoto aliyetolewa rehani kwa mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake. Isome, kisha tafuta maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, aliyoyaeleza yeye mwenyewe kwa Kiswahili kabla hajafariki Unguja mwaka 1905. Tippu Tip anahesabu pembe za ndovu, bunduki na vita alivyoshinda. Gurnah anamfuata mtoto aliyebebwa na msafara bila kuulizwa. Njia ni ile ile ya kutoka pwani kwenda bara, ila mmoja anasimulia kwa mdomo wa tajiri na mwingine kwa macho ya rehani. Ukimaliza vyote viwili, hutaitazama Bagamoyo, mji wa misafara, kama ulivyokuwa ukiitazama.

Nyingine tuzitaje kwa haraka. Kuli ya Adam Shafi, juu ya makuli wa bandarini Unguja na mgomo wa 1948, iende na historia ya vyama vya wafanyakazi. Makuli wa bandari yetu ya Dar es Salaam nao waligoma mwaka 1947, na watu wengi wanaopita Kurasini kila siku hawana habari hiyo. Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi, juu ya kuanzishwa kwa vijiji vya ujamaa, isomwe pamoja na Azimio la Arusha lenyewe la Februari 1967. Azimio ni fupi, linasomeka kwa jioni moja, na wengi wanaolisifu au kulilaumu hawajalishika mkononi. Tena si lazima kila jozi iwe na riwaya. Tawasifu ya Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mzee Rukhsa, ya mwaka 2021, na ile ya Benjamin Mkapa ya mwaka 2019, iliyoandikwa kwa Kiingereza, zinaeleza mageuzi ya uchumi kutoka viti viwili vilivyofuatana, 1985 hadi 2005. Tawasifu moja ni ushahidi wa upande mmoja. Mwandishi anajitetea hata pale ambapo hakusudii, kwa hiyo mpe mwenzake wa kumsaili.

Kipi kitangulie? Kwa kawaida anza na cha kubuni, kwa sababu kinakupa watu wa kuwajali, na ukishawajali tarehe hazichoshi. Lakini riwaya ikiwa ngumu, geuza mpangilio: anza na maarifa. Na hapa tuseme juu ya kosa linalopoteza wasomaji wengi wazuri. Mtu anasikia sifa za Kezilahabi, anakwenda dukani, anaiona Nagona ni nyembamba, anasema nitaanza na hii. Anaingia, hakuna kisa cha moja kwa moja, mambo yanakuja kama ndoto, anaacha na kuamini kwamba fasihi si yake. Wembamba wa kitabu haupimi wepesi wake. Anza na Rosa Mistika ya 1971, kisa chake kinakushika kutoka ukurasa wa kwanza. Endelea na Kichwamaji. Nagona na Mzingile viwe vya mwisho, na uvisome ukiwa umeshaonja falsafa kidogo.

Sasa kitabu kiko mkononi mwako, muuzaji anakungoja. Usisome nyuma ya jalada tu, pale pameandikwa ili ununue. Fungua, pita ukurasa wa jina, tazama nyuma yake. Hapo ndipo kitabu kinaposema ukweli wake: nani alikichapisha, wapi, mwaka gani, toleo la ngapi. Tofautisha toleo na chapa. Toleo jipya maana yake mwandishi amerekebisha maudhui. Chapa mpya maana yake mtambo umechapa tena yale yale. Kitabu kilichochapwa 2019 kinaweza kuwa na maneno ya 1985 bila hata herufi moja kubadilika. Kwa riwaya hilo halina neno. Kwa kitabu cha sheria, kodi, dawa au kompyuta, ni hatari. Mfano wa karibu ni ardhi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zilitungwa mwaka 1999. Kitabu cha maarifa ya ardhi kilichoandikwa kabla ya hapo kinakufaa kwa historia, lakini usikitegemee kununulia kiwanja Kigamboni. Hata hicho cha baada ya 1999 ulizia kama sheria imerekebishwa tangu kitoke.

Kwenye ukurasa huo huo kuna namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Ikiwa baada ya 978 unaona 9976 au 9987, kitabu kilisajiliwa Tanzania; 9966 ni Kenya. Namba si kipimo cha ubora, lakini inasaidia unapotafuta vitabu vilivyohaririwa kwa Kiswahili cha kwetu na kwa mifano ya kwetu, hasa vya kilimo na afya. Kitabu cha bustani kilichoandikwa kwa ajili ya nchi yenye majira ya baridi kitakuambia upande mwezi ambao hapa kwetu masika yataozesha mbegu zote.

Kisha nenda kwenye yaliyomo na uchague sura moja ya katikati, usichague ya kwanza. Sura ya kwanza waandishi wengi huipamba. Soma kurasa mbili za hiyo ya katikati ukiwa umesimama hapo hapo. Kwa kitabu cha maarifa jiulize: katika kurasa hizi mbili nimepata jina, mahali, tarehe au kiasi ninachoweza kwenda kukihakiki? Kama hakuna hata kimoja, na yote ni maneno ya kutia moyo, kirudishe. Hatuvichukii vitabu vya hamasa. Mtu aliyevunjika moyo anahitaji neno la kumwinua, na wapo walioinuliwa. Lakini kimoja kwa mwaka kinatosha, kwa sababu cha pili hakiongezi kitu, na nafasi yake ingeweza kwenda kwa kitabu cha uhasibu mdogo kinachokuonyesha, kwa namba, kwa nini duka linauza kila siku na mtaji unapungua. Mwisho tazama kurasa za nyuma: faharasa na marejeo. Kitabu cha maarifa chenye faharasa utakirudia miaka mingi, kisicho nayo utakisoma mara moja.

Kwa vitabu vya Kiingereza, na hasa kwa vijana wa sekondari, tumieni vidole. Fungua ukurasa wowote, kunja kidole kwa kila neno usilolijua. Vitano vikikunjika kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kiweke kwa mwakani. Kipimo hiki kisitumiwe kwa Kiswahili. Ukisoma Adam Shafi utakutana na maneno ya Unguja usiyoyazoea, na hilo ni faida, sio kikwazo. Weka Kamusi ya Kiswahili Sanifu karibu, usiifungue kwa kila neno, fungua kwa lile linalojirudia mara tatu.

Mahali pa kupata vitabu tunapajua, ila hatupatumii vizuri. Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967. Rafu za maktaba za umma hupangwa kwa namba za Dewey, yaani mfumo wa kupanga vitabu kwa mada, na ukizijua chache tu huhitaji kutangatanga: 300 ni jamii, sheria na uchumi, 500 sayansi, 610 tiba, 630 kilimo, 800 fasihi, 900 historia na jiografia, na historia ya Tanzania utaikuta kwenye 967.8. Zoezi zuri ni hili: kila ukienda, chukua kitabu kimoja kutoka mia usiyowahi kuigusa.

Wauzaji wa vitabu vya mtumba wanaotandaza kando ya barabara za Posta wanastahili heshima kubwa, maana vitabu vingi vya zamani ambavyo maduka hayana tena vinapita mikononi mwao. Ila kagua kabla ya kulipa. Vitabu hushonwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, na kosa la kiwandani huja kwa fungu zima. Utakuta kurasa zinatoka 32 kwenda 49: fungu la 33 hadi 48 limesahaulika, na pengine fungu jingine limewekwa mara mbili. Pitisha kidole gumba kwenye pembe ya namba kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni kazi ya dakika moja. Kisha hakikisha ukurasa wa mwisho upo, kwa sababu riwaya za zamani hupoteza jalada la nyuma kwanza, na kurasa za mwisho hufuata. Nusa pia. Kwa unyevu wa pwani yetu, harufu ya uvundo maana yake kuvu, na kuvu huhamia vitabu vingine kwenye kabati lako. Ukiwa umekipenda sana, kianike kivulini penye upepo siku kadhaa kabla hujakichanganya na vingine.

Kopi za wizi zijulikane: wino uliofifia upande mmoja, maandishi yaliyolala mshazari, gundi inayoachia ukifungua katikati. Na softikopi zinazosambazwa kwenye makundi ya simu bila idhini ni wizi huo huo. Mwandishi wa Kiswahili anaishi kwa nakala chache sana. Ukimsoma bila kumlipa, kitabu chake kijacho hutakiona. Kama huna fedha, maktaba ipo, na vikundi vyenu vinaweza kuchangia nakala moja ikazunguka.

Muda. Tuchukulie msomaji anayesoma kwa utulivu, maneno 150 kwa dakika. Dakika 20 kwa siku ni maneno 3,000, takriban kurasa 10. Kwa mwezi ni kurasa 300, yaani riwaya moja ya wastani na kitabu chembamba cha maarifa. Jozi moja kila mwezi, bila kujinyima usingizi. Anayepanda mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni anazo dakika hizo, lakini akiwa amesimama asibebe kitabu cha kurasa 500: abebe hadithi fupi, kitabu kinachoshikika kwa mkono mmoja. Kile kizito cha historia kikae nyumbani kando ya kitanda. Mashairi yana saa yake. Diwani haisomwi mfululizo kama riwaya. Soma mashairi mawili au matatu kwa siku, kwa sauti, maana mizani hukaa sikioni. Tamthilia nayo igaweni sauti, mama na watoto, au wenzako wa kikundi. Tamthilia iliyosomwa kimya kimya na mtu mmoja hupoteza nusu ya nguvu zake.

Na kitabu kinapokukataa? Mpe mwandishi kurasa 50. Zikiisha na hujapata sababu ya kuendelea, kiweke, andika kwenye kipande cha karatasi ulipofika na kilichokushinda, kibandike ndani ya jalada. Mara nyingi utakuta kilichokushinda ni jozi iliyokosekana, hukujua mambo ya kipindi kile. Kwa watoto punguza: kurasa 20, kisha mwache achague kingine bila kugombezwa. Mtoto anayelazimishwa kumaliza kitabu anajifunza kukwepa vitabu.

Hata usipofikia jozi kila mwezi, kwa mwaka tungependekeza mfuko wa vitabu 12 usio na mgawanyo sawa, kwa sababu maisha ya watu hayafanani: riwaya nne au tano, moja iwe tafsiri, tamthilia moja, diwani moja, wasifu au tawasifu mbili (Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert ni mlango mzuri sana kwa mpenzi wa riwaya anayeogopa vitabu vya maarifa), historia moja, afya au sayansi moja, na vilivyobaki viwe vya kazi yako ya mikono au ya ofisi. Walimu, mnaweza kubadilisha uwiano huo, ila msiache shule ikawa na kiada peke yake.

Tatizo la mwisho ni kukikosa cha pili cha jozi. Mtu anakwenda kwa mkutubi au muuzaji na kuuliza, "Una kitabu kizuri?" Swali hilo halina jibu. Mpe mambo matatu: jambo, mahali na kipindi. Sema, "Nimesoma Kuli, sasa nataka kitabu cha maarifa juu ya wafanyakazi wa bandari, Unguja au Dar es Salaam, miaka ya 1940." Kwa maneno hayo mkutubi atakupeleka kwenye rafu, na muuzaji wa Posta atakumbuka gunia alilofungua wiki iliyopita.

Tunapokea maswali sasa. Na aliye na kitabu mkobani asikae nacho, aje nacho hapa mbele tutazame pamoja nyuma ya ukurasa wa jina pameandikwa nini.